Upande wa Pili wa Godoro

Daktari wa upasuaji alikuwa bado ananawa mikono alipoanza kuzungumza, na mpelelezi ikambidi asogee mpaka kwenye sinki ili maji yasiyameze maneno.

"Mzee wako amezaliwa upya, afande," daktari alisema. "Wangechelewa mpaka jioni ile, leo ungekuwa unahojiana na watu wa chumba cha maiti."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Yale maneno yenu makubwa yananipita juu ya kichwa."

Daktari akacheka. Mpelelezi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kiatu chake cha kulia kimelika kisigino kuliko cha kushoto. Vijana wa kituoni walimwita Bi Polepole. Alijua, na wala hakuona sababu ya kununa, maana kesi walizozimaliza wao mbiombio ndizo alizokuja kuzirudia yeye.

Hii ilikuwa mojawapo. Fundi wa magodoro, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameletwa na mkewe asubuhi akiwa amejikunja, homa inamchoma, tumbo gumu kama ubao. Chini kidogo ya kitovu, upande wa kushoto, palikuwa na kidonda ambacho mtu angedhani ni cha kuumwa na mdudu. Madaktari walipotamka kwamba amechomwa na kitu, mkewe hakungoja swali la pili. Alimtaja mkwe wao, fundi baiskeli, aliyeshikana na mzee karakanani jana yake mchana, majirani wakishuhudia. Kijana alikamatwa siku hiyo hiyo, na juu ya meza yake ya kazi zikakutwa spoku zilizonolewa zikawa kama sindano. Mkuu wa kituo alishakata kauli. Kesho asubuhi kijana angepandishwa kizimbani kwa kujaribu kuua, na Bi Polepole alichotumwa hospitali ni kuchukua karatasi ya daktari, basi.

"Majeraha ya kupenya tumboni tunayaona kila wiki," daktari aliendelea. "Visu, chupa, nondo, risasi mara mojamoja. Mwezi uliopita kuna bwana alitua juu ya uzio wa chuma akimkimbia mume wa mtu. Tatizo ni kwamba tundu la nje linadanganya. Unaweza kuona jeraha la kutisha, kumbe limeishia kwenye mafuta. Dogo kama hili likafika mbali. Ngozi inajifunga, damu huioni, mgonjwa anasema amechubuka. Ndani utumbo umetoboka na uchafu unavuja taratibu. Kufika kesho yake tumbo zima limeoza."

"Mkafanyaje?"

"Tulimtundikia dripu, tukampa antibiotiki, tukamlaza kwa nusukaputi, tukafungua. Utumbo mwembamba ulikuwa na matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Tukashona, tukaosha tumbo kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe. Tumemwachia mpira ubavuni wa kutolea uchafu. Sasa tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

"Atoe upepo."

Mpelelezi alimtazama.

"Ajambe, afande. Utumbo ukishashonwa hulala. Siku ukiamka, upepo ndio mjumbe. Wodi nzima inasubiri, kuanzia mimi mpaka mfagiaji. Kabla ya hapo hapati hata tone la maji."

"Spoku ya baiskeli ingeweza kufanya hivyo?"

Daktari alijifuta mikono bila haraka. "Kwa tundu nililoliona, spoku ni nyembamba kidogo. Lakini siwezi kuapa. Kinachonikera ni vitu viwili. Cha kwanza, mtu akichomwa kwenye ugomvi hujikunja, hugeuka, hudaka kisu kwa mikono. Jeraha huenda mshazari, na mara nyingi haliwi moja. Huyu viganja vyake ni vizima, na njia ya jeraha imenyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Ni kama alisimama wima akaingojea."

"Na cha pili?"

"Pamba. Nyuzi chache, ndani kabisa. Nilimgombeza nesi nikidhani ni ya kwetu. Akanionyesha meza yake, palikuwa na shashi tupu, pamba hakuna. Ikabidi nimwombe radhi mbele ya watu."

Nesi mwenyewe ndiye aliyeleta mfuko wa nguo za mgonjwa, akiwa bado na kiburi cha mtu aliyeombwa radhi. Mpelelezi alilitandaza shati la kazi juu ya meza ya dawa. Tundu lilikuwa dogo, na kulizunguka palikuwa na kitu kikavu, cha manjano. Alikikwangua kwa ukucha, akakinusa. Ilikuwa nta. Alilikagua shati lote, mikono, mifuko, kola, na hakuona nta mahali pengine popote.

Mzee alikuwa kitanda cha dirishani, mpira umepita puani, midomo imemkauka. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba chini ya shuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kijana ameshatoka?"

"Bado."

"Mwambieni bosi wenu hakunifanya kitu. Nilianguka."

"Ulianguka juu ya nini?"

"Juu ya kitu."

"Kitu gani?"

"Mwanangu, mimi ni sawa na baba yako. Mtu mzima akisema ameanguka, ameanguka."

Mpelelezi alikuwa amesikia wengi wakianguka. Wake walianguka kwenye milango, watoto kwenye ngazi, na wote walifanana macho. Huyu hakufanana nao. Alipomtetea mkwe wake alimtazama afande usoni, bila kupepesa. Alipoulizwa alichoangukia aligeuka kuutazama mlango, ule ambao mkewe angeingilia saa ya kutazama wagonjwa.

"Mkeo ndiye aliyeshitaki," alisema.

"Najua. Usimlaumu, amechanganyikiwa. Halafu usimsumbue, tafadhali. Mambo yakiisha hapa hapa yatakuwa yameisha."

Mpelelezi hakuahidi kitu. Alimwomba nesi ukanda wa bandeji, akaushika kwenye kisigino cha mzee, akaupandisha juu ya mwili mpaka kwenye kidonda, akapiga fundo.

"Unanipimia suti au jeneza?" mzee aliuliza.

"Suti. Utaivaa ukitoka."

Kituoni, mkwe alikuwa ameketi sakafuni, grisi imemjaa kwenye kucha. Alisimama mpelelezi alipoingia, na akabaki amesimama mpaka alipoambiwa akae.

"Spoku nazinoa nizibulie mashimo ya oili," alisema. "Nenda kwa fundi yeyote, utazikuta."

"Na kushikana na mzee?"

"Tulishikana, sikatai. Nilimshika mkono nimpeleke hospitali aonyeshe goti. Analiuguza kwa siri kama mwizi. Nikamwambia leo nakutoa humu kwa nguvu. Akanisukuma, akaniambia niende nikalale kwenye sponji langu."

"Sponji?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Nilipooa nilinunua godoro la sponji, la dukani. Mimi sikuwaza. Nimeoa kwa fundi magodoro, halafu najipitisha mtaani na sponji kichwani. Mama mkwe hajanisamehe mpaka leo."

Mpelelezi aliuma midomo asicheke. "Ulimwacha mzee wapi?"

"Upande wake."

"Upande gani?"

"Wa godoro. Wao wana pande zao." Sauti ikamlegea. "Afande, mke wangu akitoka kuniona mimi anakwenda kumwona baba yake, na mama yake akimwona anageukia ukutani. Mimi mnifunge tu kama mmeamua. Lakini mwambieni yule mama asiache kusema na binti yake."

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya pamba na nta. Katikati, ndani ya fremu ya mbao, godoro lilikuwa limesimamishwa kwa ubavu, refu kuliko mtu, likikigawa chumba kama ukuta. Mama, mke wa mzee, alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mkimwachia yule mtaniua na mimi," alisema kabla ya salamu kwisha.

"Sijaja kwa habari zake, mama. Nimekuja unionyeshe kazi. Nashindwa kuandika nisichokielewa."

Hiyo ilikuwa njia ya kumfungua fundi yeyote. Mama alifuta mikono kwenye kanga yake, akamwelekeza kwa kidole. "Nenda kasimame upande wa mzee. Mimi upande wangu huu hapa."

Mpelelezi alizunguka. Mara godoro likamficha mwenyeji wake mzima mzima, ikabaki sauti.

"Sindano yetu ni hii, ndefu kama mkono, ina ncha huku na huku, haigeuzwi. Uzi tunaupaka nta uteleze. Napapasa mahali pa kifungo, nagonga kwa kiganja. Mzee anasogea, anagonga kunijibu. Nikisikia kagonga, nasukuma. Yeye anaipokea, anavuta uzi, anaweka kifungo chake, anakandamiza mpaka kizame, kisha na yeye anagonga, mimi nasogea, ananirudishia. Hivyo hivyo mpaka godoro liishe. Tumelea watoto kwa kazi hii. Ukitaka kujua, ndoa yetu nusu yake tumezungumza kupitia pamba."

"Mnakandamiza kwa nini?"

"Kwa goti. Mikono yote miwili iko kwenye uzi, unafunga."

Mpelelezi aliinua uso. "Na goti lake lile?"

"Aliniambia anatumia kiwiko."

"Siku ile, baada ya kijana kuondoka, mliendelea?"

"Na hili hili. Tulimaliza safu mbili, ndipo akasema amechoka. Nilishangaa. Toka nimjue mume wangu sijamsikia akisema amechoka. Nikajua yule mtoto amemtia uchungu. Usiku akaanza kutetemeka, namuuliza, ananijibu ni mwili tu."

Mpelelezi alijaribu kiwiko. Ili kiwiko kikandamize, mkono mmoja uliacha uzi, na fundo halikufungika. Akajaribu kufanya kama mtu ambaye goti lake limekataa na mkewe hamwoni. Aliegemea godoro kwa tumbo, uzito wote, na mikono yote miwili ikawa huru. Ilikuwa rahisi hata ikamwogopesha.

Alirudi nyuma, akautoa ule ukanda wa bandeji mfukoni. Aliukanyaga mwisho mmoja kwa kiatu, akaunyoosha juu. Fundo lilifika kwenye kifungo cha kwanza cha safu ya chini. Vifungo vyote vya mzee vilikuwa vimefungwa kwa ustadi, uzi umelala sawasawa, isipokuwa hicho. Hicho uzi wake ulikuwa umezungushwa ovyo, mara nyingi mno, kama wa mtu anayefunga macho yakiwa kwingine. Alikisukuma pembeni kwa ukucha. Chini yake, juu ya kitambaa, palikuwa na tone moja kavu, la kahawia.

"Umenyamaza, afande," sauti ilisema.

"Natazama kazi ya mzee."

"Nzuri, eh?"

"Nzuri sana, mama."

"Ngoja basi uone mwenyewe inavyokuja."

Kiganja kiligonga. Mpelelezi alisogea pembeni, akahakikisha amesogea, ndipo akagonga kujibu. Sindano ilichomoza polepole, inang'aa, imebeba unyuzi wa pamba kwenye ncha yake, pale pale lilipokuwa tumbo lake dakika chache nyuma. Ilikuja bila hasira yoyote.

"Umeipata?" aliuliza mama, na katika sauti yake kulikuwa na fahari ya mtu anayemfundisha mgeni.

Mpelelezi alikuwa ameshaona maiti, ameshaona watu wakilia kwa uongo na kwa kweli, na alijidhania ameshakomaa. Hata hivyo huruma ilimshika, akaipokea ile sindano kwa mikono yote miwili.

"Nimeipata, mama," alisema.

Hakumwambia neno. Alimwomba tu asiliguse godoro, akatoka, akampigia simu mkuu wa kituo akiwa njiani.

"Karatasi ya daktari iko wapi?" mkuu aliuliza.

"Ninayo. Kijana siye."

"Nani, basi? Usiniambie umenitafutia mtuhumiwa mwingine jioni yote hii."

"Nimekutafutia ajali, mkuu. Nipe mpaka saa ya kutazama wagonjwa iishe."

Mzee alimwona akiingia, na kabla hajafika kitandani alikuwa ameshaelewa.

"Nimesimama upande wako," mpelelezi alisema, akiketi.

"Umemwambia?"

"Bado."

Mzee alivuta pumzi, ikamuuma, akaishia katikati. "Kosa ni langu. Aligonga kama kawaida. Mimi nilikuwa na hasira za yule kijana, najibizana naye kichwani. Mkono ukagonga wenyewe, na tumbo bado limeegemea godoro pale pale. Hata sikuisikia sana, nakwambia kweli. Ilikuwa kama kufinywa."

"Ungesema pale pale. Ungefika hospitali siku ile ile."

"Nikisema, hatashika sindano tena maisha yake yote. Humjui. Akimkanyaga kuku hali chakula siku mbili. Anampenda yule binti yetu kuliko roho yake, na bado hasemi naye kwa ajili yangu. Leo ajue ni mkono wake?" Chozi lilimtoka likaingia chini ya plasta ya mpira wa puani. "Andika nilianguka, mwanangu. Nakuomba."

Mpelelezi alimfuta kwa kona ya shuka. Angependa sana kuandika hivyo. Alijiuliza kwa dhati kama kungekuwa na njia, na hakuiona.

"Nikiandika ulianguka, hakimu ataona unamficha mkweo, na kijana atafungwa. Nikiandika ukweli, utasomwa mahakamani, na mkeo atausikia mbele za watu. Siwezi kumzuia asijue, mzee. Naweza kukuachia uchague atausikia wapi, na kwa mdomo wa nani."

Mzee alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka mlango wa wodi ukafunguliwa na mama akaingia na beseni na taulo.

"Ametoa upepo?" alimuuliza nesi kwa mbali, bila aibu.

"Bado, mama. Tunaomba."

"Mkaidi huyu. Hata upepo anaubana." Aliweka beseni, akamwona mpelelezi, akakunja uso. "Kuna nini tena?"

"Kaa, mama," mzee alisema.

"Nyamaza, usijichoshe."

"Mkwe wetu hakunigusa. Alikuwa ananivuta niende nikaonyeshe goti."

"Usianze tena. Ulianguka, nimesikia."

"Sikuanguka. Nilikuwa nakandamiza kwa tumbo."

Mama alikuwa anakamua taulo. Mikono yake ilisimama, na maji yakaendelea kudondoka ndani ya beseni. Mpelelezi aliona hakuna haja ya kuongeza neno. Alikuwa amezunguka siku nzima kulitafuta jambo ambalo fundi mwenzake na mzee amelielewa kwa sentensi moja.

"Kwa tumbo," mama alisema.

"Goti lilikataa."

"Ukaniambia kiwiko."

"Nilikudanganya."

"Nikagonga."

"Ukagonga. Nami nikagonga kukujibu. Kosa ni langu, si lako, na afande ataandika hivyo."

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda, taulo bado mkononi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, na kidole kikatembea hewani, kifungo kwa kifungo, kikirudi nyuma.

"Kifungo kipi?"

"Cha kwanza, safu ya chini."

"Cha kwanza." Alimtazama mumewe kama mtu anayemwona baada ya safari. "Baada ya hapo tulishona safu mbili. Sindano iliyotoka mwilini mwako, mzee, ukaifuta, ukanirudishia."

"Ilikuwa zamu yangu," mzee alisema.

Mama aliinama, akauweka uso wake juu ya mkono wa mumewe uliokuwa na dripu, kwa uangalifu asiubonyeze, akalia bila sauti. Mzee hakuwa na mkono mwingine wa kufika kwake ila ule wenye kipimo cha presha, akauinua na kipimo chake, akaulaza juu ya kichwa cha mkewe. Nesi aligeukia meza ya dawa akaanza kupanga vichupa vilivyokwisha kupangwa. Mpelelezi alitazama nje ya dirisha, na hakuona chochote kule nje.

Mama alipoinuka alijifuta kwa taulo ya mgonjwa. Sauti yake ilikuwa imekwaruza lakini imesimama.

"Afande, yule kijana wanampa nini cha kula huko?"

"Chakula cha kituo."

"Basi twende. Nimemwingiza mimi, nitamtoa mimi. Na nitamwomba radhi mwenyewe, usinisemee. Binti yangu naye awepo asikie." Alianza kufunga mtandio wake, fundo linavikataa vidole vyake. Mzee alikuwa anavitazama vidole hivyo kwa hofu yote aliyokuwa ameibana siku zote hizi.

"Mama," aliita. "Ile sindano. Utaishika tena?"

Mama alilimaliza fundo kwanza.

"Nitaishika," alisema. "Lakini kuanzia sasa ukigonga, sisukumi. Nazunguka kwanza upande wako nikakuone ulivyosimama, ndipo narudi kusukuma."

"Kila kifungo? Kazi haitaisha hivyo."

"Isiishe," mama alisema, akachukua mkoba wake, akatangulia mlangoni.